Safu ya Asili

Zahanati ya Kheri,
Likoni.
Jumatatu, 2 Juni 1997

Dada Selpher,

Salaam sana. Mimi sijambo, mama hajambo, naye anauliza kama baridi ya huko Keroka ni kweli au ulikuwa ukitutisha. Tangu uondoke mwezi wa tatu kwenda hospitali ya kwenu, kompyuta uliyoniachia haijanishinda. Mara mbili imekataa kuwaka, na zote mbili kosa lilikuwa la umeme.

Rekodi sasa ni 1,146. Kila anayekuja kutibiwa kwa mara ya kwanza namwingiza siku hiyo hiyo kama ulivyonifunza: jina, umri, nambari ya nyumba, mwenye nyumba, asili, ugonjwa. Kazi ya leo hailali.

Nina swali. Bwana Faki, makamu wa mwenyekiti wa kamati, anataka orodha ya watu wote ambao kwenye safu ya asili tumewaandika BARA. Anasema kuna vyandarua vinakuja, na watu wa bara ndio watakaopewa kwanza. Anataka jina, nambari ya nyumba na mwenye nyumba. Nikamuuliza, na ugonjwa je? Akasema, "Ugonjwa wa nini, mwanangu? Ugonjwa ni siri ya mtu." Niliyaona maneno ya busara. Ila kwenye menyu yako sioni pa kuchagua watu kwa asili. Nielekeze.

Kaka yako Gershom nilimwona Ijumaa akitoka zamu bandarini. Amehama kule karibu na feri, sasa amepanga katika nyumba za Mzee Rama, yeye na Mwikali na mtoto. Anasema mtoto ana meno mawili tu na tayari amemng'ata mwenye nyumba.

Wako,
Dhahabu Mwidani


Keroka,
11 Juni 1997

Mpendwa Dhahabu,

Barua yako imefika jana, siku nane njiani.

Safu ya asili niliiweka mimi, mwaka 1994. Masika ya mwaka ule tulipoteza watoto kumi na mmoja kwa malaria, na tisa kati yao wazazi wao walitoka nchi za baridi kama kwetu. Daktari alitaka mtu akiingia mlangoni ijulikane kama amekulia penye mbu au la. Haikuwa na sababu nyingine. Kwenye menyu sikuiweka kwa kuwa daktari hakuhitaji majina, alihitaji idadi.

Chandarua hutundikwa juu ya kitanda. Jina la mwenye nyumba ni la kazi gani hapo? Muulize Bwana Faki mambo matatu: vinatoka kwa nani, ni vingapi, vinafika lini. Muulize mbele ya Sista Nyevu, ili muuguzi naye asikie. Akikujibu kwa tarakimu nitakuandikia jinsi ya kuitoa orodha. Asipojibu kwa tarakimu, usiitoe.

Gershom hajaniandikia tangu Pasaka. Mwambie mama yetu bado anajua kusoma.

Selpher Moraa


Likoni,
24 Juni 1997

Dada Selpher,

Nilimuuliza, na Sista Nyevu alikuwapo.

"Vinatoka kwa wafadhili," akasema.

"Wafadhili gani, Bwana Faki?"

"Wale wale."

"Ni vingapi?"

"Vya kutosha."

Sista Nyevu akacheka, akasema basi naye atengewe kimoja cha kutosha. Bwana Faki hakucheka. Akanigeukia mimi: "Dhahabu, baba yako kazikwa hapa, na babu yako kazikwa hapa. Mimi na wewe hatuandikwi asili. Mbona wauliza maswali kama mpangaji?"

Nikamwambia utepe wa wino wa printa umekwisha. Si kweli, nimeuficha nyumbani ndani ya debe la unga. Kesho yake alivuka feri mwenyewe, akarudi na tepe mbili.

Jambo la pili. Wiki iliyopita karatasi zilipitishwa chini ya milango katika nyumba za wapangaji. Zimepigwa taipu, hazina sahihi. Zinasema wenye kwao warudi kwao kabla mwezi wa nane haujaisha. Achieng, yule muuza samaki jirani ya Gershom, alimfungia mteja samaki kwa yake.

Kuanzia sasa niandikie kwa sanduku la shule anakofundisha mama. Barua za zahanati hupitia meza ya Bwana Faki, na wallahi sijui kama naogopa bure.

Dhahabu


Likoni,
6 Julai 1997

Dada,

Najua Dhahabu amekuandikia, maana siku hizi ananitazama kama mtu aliyeliona jeneza langu kwa fundi. Mwambie aache. Kila uchaguzi ukikaribia huwa kuna karatasi. Uchaguzi hupita, na waliokuwa wanakununia huja kuazima sufuria.

Jumatano nilikwenda zahanati mwenyewe. Rekodi yangu ilikuwa bado inaonyesha nyumba ya zamani, na vyandarua vitagawiwa kwa nambari ya nyumba. Dhahabu akakataa kubadilisha, eti mashine imekwama. Mashine ilikuwa inawaka mbele yangu. Bwana Faki akatoka ofisini akamwambia, "Mhudumie mgeni wetu," ndipo akaandika. Yule mzee ni mwungwana. Hata aliniuliza mlango wangu ni wa ngapi kuhesabu kutoka kisimani, wagawaji wasije wakapotea. Nikamwambia wa tano.

Mtoto ameugua malaria mara mbili tangu Aprili, dada. Sitakosa chandarua kwa sababu karani ana wasiwasi.

Mwikali anakusalimu. Anasema ukija ulete unga wa wimbi, ule wa hapa una mchanga.

Ndugu yako,
Gershom


Keroka,
14 Julai 1997

Dhahabu,

Orodha usiitoe kabisa. Gershom ameniandikia kwamba aliulizwa mlango wake ni wa ngapi kutoka kisimani. Sijawahi kuona mgawaji wa vyandarua anayehitaji hilo.

Fanya hivi. Tafuta disketi mbili, nakili faili lote katika kila moja, na zote uzipeleke kwa mama yako. Kisha siku ambayo Faki hayupo, toka kwenye menyu, na mashine ikionyesha nukta tu, andika hapo amri ya kufuta, iwahusu wote wenye BARA, kama tulivyokuwa tukiwafuta waliohama. Mashine itakutajia idadi. Mambo yakitulia tutawarudisha kutoka kwenye disketi. Daktari akiuliza walipo, sema ni mimi niliyekuagiza.

Usimweleze mtu, hata Sista Nyevu. Usinipigie simu. Barua hii ukishaisoma mara mbili, ichome.

Selpher


Likoni,
Jumatatu, 28 Julai 1997

Dada Selpher,

Barua nimeichoma. Kazi niliifanya Alhamisi jioni, baada ya Bwana Faki kwenda mazikoni Bamburi. Mashine iliandika kwamba rekodi 412 zimefutwa. Nikarudi kwenye menyu, nikatafuta jina la Gershom, halipo. La Achieng halipo. Tulikuwa na watu 1,171, menyu ikaniambia 759. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Ijumaa asubuhi akaja akasema leo ndiyo leo. Nikamchapia orodha nzima kwa menyu, bila ubishi. Akaipitia kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akacheka.

"Mwanangu, wageni wako wamehama lini?"

"Sijui, Bwana Faki. Labda wamerudi kwao."

"Wote? Na Gershom niliyemwona leo asubuhi akinunua mahamri?"

Nikaanza kuzikunja zile kurasa. Hakunikaripia, ila alinikataza kuigusa mashine tena, wagonjwa wapya niwaandike daftarini. Saa nane akarudi na bwana mmoja wa mjini, amevaa tai, anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya meli. Hakuigusa menyu. Alitoka nje yake kama nilivyotoka mimi, akaandika maneno mawili matatu, printa ikaanza. Walinituma nikawaletee chai, na niliporudi walikuwa wamekwisha kukunja karatasi. Sikuona kilichochapwa, lakini kwa kuwa watu hawamo, hata akichapa mara kumi atapata nini?

Ila ukurasa mmoja ulikwama na kuraruka, kipande kikabaki chini ya meza. Ni ukingo wa kushoto tu, majina yamekwenda na upande wa pili. Kuna nambari za rekodi, na mbele ya baadhi ya nambari hizo kuna nyota ndogo. Sijapata kuona nyota hizo kwenye kazi yetu. Ni nini? Kipande nimekiweka humu ndani ya bahasha.

Dhahabu


Keroka,
5 Agosti 1997

Dhahabu,

Nisome polepole.

Kufuta katika programu ile si kutoa. Amri niliyokuandikia humwekea mtu alama tu, naye hubaki pale pale. Menyu niliitengeneza isiwaonyeshe wenye alama, ndiyo maana hukuwaona. Kuwatoa kabisa kuna amri ya pili, ambayo hulifungasha faili upya. Nilipanga kukufundisha amri hiyo tarehe 14 Machi. Siku hiyo ulikuwa matangani kwa shangazi yako, nami nilikuwa nafunga mizigo. Nilipokuandikia mwezi uliopita nilisahau kwamba huijui.

Mtu anayepita nyuma ya menyu huwaona wote. Yule aliyefutwa huonekana na nyota kando ya jina lake.

Kwa hiyo bwana wa tai alichapa watu wote 1,171, na hakuhitaji kuchagua. Sisi tulikuwa tumekwisha kumchagulia.

Hili ni kosa langu. Usipoteze muda kulibishania.

Leo asubuhi nilipiga simu zahanati. Akapokea yeye. Nikataja jina langu. "Ah, Dada Selpher," akasema. "Habari za kwenu?" Nikasema nataka kuzungumza nawe. "Dhahabu nimempumzisha kidogo, alikuwa amechoka. Kuna ujumbe?" Nikasema hakuna. "Haya. Wasalimie kwenu."

Gershom nimempelekea telegramu kazini: avuke feri na familia yake, asisubiri. Wewe nenda kwa hao wengine. Anza na wenye watoto wadogo. Usiende kwa Faki, na usiende peke yako kwa polisi, nenda na Sista Nyevu.

Selpher


Likoni,
19 Agosti 1997

Dada Selpher,

Barua yako ya tarehe 5 niliipata Jumanne tarehe 12, saa kumi jioni. Shule imefungwa, na mwalimu mkuu huchukua barua mara moja kwa wiki.

Sista Nyevu yuko likizo kwao Kilifi, kwa hiyo polisi nilikwenda na mama, jioni hiyo hiyo. Tuliandikiwa kwenye kitabu, tukaambiwa tutaitwa.

Orodha sikuwa nayo. Funguo za zahanati anazo Bwana Faki, na disketi bila kompyuta ni plastiki. Nikakaa mkekani, nikaandika nyumba nilizozikumbuka kwa kichwa. Zilikuwa 38. Jumanne jioni nilifika 14, Jumatano nikamaliza zilizobaki.

Nilidhani ugumu utakuwa kutembea. Kwa Achieng nilimkuta akiparua samaki. Nikamwambia, "Dada Achieng, wachukue watoto mvuke leo." Akaweka kisu chini.

"Hata wewe, Dhahabu? Karatasi imepita chini ya mlango, sasa wametuma na mtu?"

"Mimi siwafukuzi."

"Basi hapa mlangoni unafanya nini?"

Jibu lilikuwa refu, na nilikuwa na nyumba kumi na tisa mbele yangu. Nikamwambia tena avuke, nikaenda. Mlango mmoja nilifungiwa usoni. Kwingine mwanamume alinifuata nyuma hadi njia kuu ili ahakikishe nimeondoka. Katika nyumba 38, waliovuka ni tisa.

Gershom nilimkuta Jumatano saa nane mchana. Telegramu alikuwa nayo mfukoni. Mwikali na mtoto alikuwa amewavusha tangu Jumapili, wako Changamwe kwa dada yake Mwikali. Yeye alisema atavuka Ijumaa akimaliza zamu. "Kitanda kipya hiki," akaniambia. "Nikitangulia mimi, kitahama chenyewe." Nikamweleza habari ya nyota, yote, na kwamba mkono ulioziweka ni wangu. Akafikiri kidogo.

"Na yangu iko?"

"Iko."

"Basi nimepata cheo, na bandarini wamenikatalia miaka sita."

Nikamsihi. Akanisindikiza hadi kisimani, akasema nimsalimie mama.

Ya usiku ule wa Jumatano sitakuandikia, magazeti yameandika. Nakuandikia nilichokihesabu Alhamisi asubuhi. Nyumba za Mzee Rama zina milango kumi na miwili, na saba imeungua. Mlango wa nne na wa sita, wanakokaa watu wa hapa, ni mizima. Wa tano umeungua.

Gershom sijamwona. Nimekwenda kanisani walikokimbilia watu, nimekwenda hospitali wadi kwa wadi. Bandarini wanasema hakuja zamu ya Alhamisi. Achieng yuko uani mwa kanisa na watoto wake wote wazima. Aliponiona aligeuza uso.

Jana walikuja wapelelezi wawili zahanati, nikaitwa. Wana ukurasa mmoja uliookotwa njiani, majina na nambari za nyumba, na nyota. Wakauliza kompyuta huendeshwa na nani. Bwana Faki akasema, "Na huyu, peke yake." Aliposema alinitazama kwa huruma kabisa. Wakaiwasha. Mashine huweka tarehe ambayo faili liliguswa mara ya mwisho: 24 Julai, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Wakaniuliza kwa nini siku ishirini kabla ya mambo haya niliwatia alama watu 412 wa bara. Nikasema nilielekezwa nifanye hivyo ili kuwaficha. Wakaomba barua ya kunielekeza. Nikasema niliichoma. Wakaliandika hilo, wakalipigia mstari.

Nimeambiwa nisitoke Likoni.

Dhahabu


Keroka,
Jumatatu, 1 Septemba 1997

Kwa Afisa Mpelelezi,
Mombasa.

Bwana,

Nimearifiwa na Bi. Mwanarehema, mama yake Dhahabu Mwidani, kwamba mnamshikilia binti yake tangu tarehe 21 Agosti kwa kuandaa orodha ya watu wa bara waishio Likoni.

Dhahabu aliziweka alama zile kwa maandishi yangu. Mimi ni Selpher Moraa. Nilikuwa karani wa rekodi wa zahanati hiyo kuanzia 1991 hadi Machi mwaka huu, na safu ya asili niliianzisha mimi. Barua yangu ya tarehe 14 Julai ndiyo iliyomwagiza. Yeye aliichoma kama nilivyomwamuru. Mimi huandika kila barua juu ya karatasi ya kaboni, kwa mazoea ya kazi, na nakala ninayo. Naambatisha nakala zangu tatu, barua nne za Dhahabu, moja ya marehemu kaka yangu, na kipande cha karatasi ya printa chenye nyota. Zisomeni kwa kufuata tarehe. Mtaona nani aliomba orodha, kwa maneno gani, na nani alituma mtu wa kuichapa. Mtaona pia siku ambayo Dhahabu na mama yake waliandikwa kwenye kitabu cha polisi. Kitabu hicho mnacho ninyi.

Mashine inawaambia faili liliguswa lini. Haiwaambii nani alichapa, wala lini. Bwana aliyekuja na Bwana Faki tarehe 25 Julai anafanya kazi katika ofisi ya meli na huvaa tai. Sijui jina lake. Si vigumu kumpata.

Jambo la mwisho linahusu orodha nyingine, ile iliyobandikwa kwenye mlango wa mochwari. Shemeji yangu Mwikali alifika hapo tarehe 23 Agosti, akamtambua mume wake kwa kidole cha mguu kilichokatwa na kontena miaka minne iliyopita. Karani akamtaka kitambulisho cha marehemu. Kiliungua pamoja na nyumba. Akamtaka hati ya ndoa. Hawana, walioana kimila. Alirudi tarehe 27 akaambiwa yale yale. Kwa hiyo mpaka leo mtu huyo ni nambari 7, na mbele yake pameandikwa: mwanamume, miaka kama thelathini, hajulikani.

Anajulikana. Ni Gershom Nyamweya, miaka thelathini na mmoja, mpakuzi wa bandari, mume wa Mwikali, baba wa mtoto mmoja.

Nitafika ofisini kwenu Alhamisi, tarehe 4, saa mbili asubuhi, pamoja na baba yetu na cheti cha kuzaliwa cha Gershom. Mkishaandika jina lake mahali pake, mnaweza kunishikilia mimi, na Dhahabu aende kwa mama yake.

Selpher Moraa